Maji ya Mkonge: Sumu na Dawa katika Jani Moja

Mtu yeyote aliyepata kutengeneza kamba ya mkonge kwa mkono ajua mambo matatu. Kwanza, jani likipondwa hutoa maji mengi ya kijani. Pili, maji hayo yakiingia katika ngozi ya mkono, huwasha. Tatu, nyuzi zikioshwa mtoni, povu jeupe huelea kana kwamba mtu anafua nguo kwa sabuni. Mambo haya ni ya kila siku, na kwa kuwa ni ya kila siku ni watu wachache wanaouliza sababu yake.

Somo letu la juma hili ni juu ya kitu kinachofanya povu hilo. Yafaa tukijue vizuri, maana kitu hicho hicho huua samaki na konokono, na ndicho kilichopata kupelekwa ng'ambo kutoka Afrika ya Mashariki ili kutengenezea mojawapo ya dawa kubwa za karne iliyopita. Asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili aweza kudanganywa na muuza dawa wa njiani, akanywa sumu huku akidhani anakunywa dawa.

KITU KILICHOMO NDANI YA JANI

Mkonge si mmea wa asili wa nchi zetu. Kwao ni Mexico, na jina ambalo Wazungu huuita latokana na bandari ya Sisal katika nchi hiyo. Mwaka 1893 Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ipelekwe Tanganyika. Miche mingi ilikufa njiani, ikabaki 62 tu. Na kutoka katika hiyo michache yakaenea mashamba makubwa ya Tanga, kisha mkonge ukalimwa Kenya pia, kama vile Thika, Taita, Kibwezi na pwani ya Kilifi. Ukambani na mahali pengine wananchi huupanda kuzunguka mashamba yao uwe ua, tena wapate kamba.

Majani yakipitishwa katika mashine ya kuchakata, ambayo wafanya kazi wengi huiita korona, katika kila kilo 100 za majani hupatikana nyuzi kavu kilo 4 hivi. Zilizobaki zote ni maji na makapi. Ndani ya maji hayo mna sukari, mna asidi, mna visindano vidogo mno vya chokaa visivyoonekana kwa macho, ambavyo hudunga ngozi na kuiwasha, na mna kitu kiitwacho saponini.

Neno saponini na neno letu sabuni ni ndugu, kwa maana yote mawili yana shina moja: lugha ya Kilatini huiita sabuni sapo, na sisi tumelipokea neno hilo kwa njia ya Waarabu. Jina limefaa. Saponini ina sehemu mbili zilizoungana. Sehemu moja ni ya sukari, nayo hupenda maji. Sehemu ya pili hupenda mafuta na kuyakimbia maji. Mfano wake ni mtu anayemshika rafiki mmoja kwa mkono wa kuume na rafiki wa pili kwa mkono wa kushoto, ilhali marafiki hao wawili hawapatani kamwe. Sabuni ya dukani hufanya kazi kwa namna iyo hiyo: mkono mmoja hushika taka yenye mafuta, na mkono wa pili hushika maji yanayoichukua.

Ziko saponini za koo mbili. Ile ya mkonge ni ya ukoo wa steroidi. Maana yake ni kwamba sehemu yake inayopenda mafuta imejengwa juu ya kiunzi cha pete nne zilizoshikamana. Msomaji na alikumbuke jambo hili, kwa kuwa kiunzi hicho cha pete nne hakimo katika mkonge peke yake. Kimo pia katika miili yetu. Mafuta yaitwayo kolesteroli yamejengwa juu ya kiunzi hicho. Asidi zilizomo katika nyongo vivyo hivyo. Na baadhi ya homoni, yaani wajumbe wanaopita katika damu kuuamrisha mwili, nazo zina kiunzi hicho. Hapa ndipo penye siri ya somo letu zima.

JINSI INAVYOTENDA KAZI KATIKA KIUMBE HAI

Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Kila seli imezungushiwa utando mwembamba kama vile yai lilivyo na ngozi yake ndani ya ganda. Katika wanyama, utando huo una mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna kolesteroli.

Saponini ikifika penye utando, ule upande wake unaopenda mafuta huikuta kolesteroli na kushikamana nayo. Saponini nyingi zikikusanyika mahali pamoja, utando hupoteza nguvu zake, ukatoboka. Maji huingia ndani ya seli, na vilivyokuwa ndani hutoka nje. Seli hufa.

Wataalamu huonyesha jambo hili kwa jaribio rahisi. Damu kidogo hutiwa katika maji ya chumvi. Maji huwa mekundu, lakini si meangavu. Mtu hawezi kuona kitu kupitia humo, kwa sababu chembe nyekundu za damu zimezuia nuru. Ikitiwa saponini, baada ya muda maji yale hugeuka kuwa meangavu kama chai ya rangi. Chembe nyekundu zimepasuka, na wekundu wake umeyeyuka katika maji.

Mmea wenyewe hufaidika. Mkonge hauwezi kumkimbia adui, basi hujilinda kwa silaha iliyo ndani yake. Ukungu unaotaka kuozesha majani una mafuta ya ukoo wa kolesteroli katika utando wake, na saponini nyingi za namna hii huudhuru. Wadudu wengi nao huona kinyaa kwa uchungu wake.

KWA NINI SAMAKI HUFA UPESI KULIKO MTU

Mtu aweza kuuliza: ikiwa saponini hupasua chembe za damu, mbona wanaochakata mkonge hawafi?

Jibu ni kwamba mambo hutegemea mlango ambao sumu huingilia. Ngozi ya mtu ni nene. Matumbo yake nayo hayapitishi saponini ila kidogo sana, kwa hiyo haifiki katika damu kwa wingi. Walakini hii si ruhusa ya kuinywa. Huchubua tumbo, ikaleta kichefuchefu, kutapika na kuhara. Na mtoto mdogo anayehara sana aweza kufa kwa kukauka maji ya mwili. Ikiingizwa katika mshipa wa damu kwa sindano, ni hatari kubwa kabisa.

Samaki hana kinga hiyo. Yeye huvuta pumzi kwa matamvua, na matamvua ni utando mwembamba mno unaogusana na maji mchana na usiku. Saponini ikiwa ndani ya maji huharibu utando huo mara moja, na samaki huelea juu akiwa hoi. Ndiyo sababu watu wa nchi nyingi duniani tangu zamani wameponda mimea yenye saponini na kuitia mabwawani ili wapate samaki kwa urahisi. Lakini uvuvi huo ni wa hasara. Huua wakubwa na wadogo pamoja, na bwawa lililovuliwa hivyo halitamlisha mtu mwaka ujao.

Kwa hiyo maji yanayotoka katika kinu cha mkonge hayafai kuachwa yatiririke mtoni. Madhara yake ni mawili. Kwanza ni saponini yenyewe. Pili, makapi yanapooza ndani ya maji hutumia hewa safi ambayo samaki wanaihitaji, wakakosa pumzi. Mwenye kuchakata mkonge wake nyumbani naye afanye kazi hiyo mbali na kisima na mbali na mahali watu wanapoteka maji au kunyweshea ng'ombe. Ni afadhali kuchimba shimo na kumwaga humo.

KONOKONO NA KICHOCHO

Wale wanaokaa karibu na Ziwa Victoria, au katika mashamba ya mpunga ya Mwea, au pwani, waujua ugonjwa wa kichocho. Mdudu wake hukaa kwanza katika konokono wa majini, kisha hutoka akaogelea na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufanya kazi ndani ya maji. Bila konokono hao, mdudu hawezi kutimiza maisha yake.

Konokono naye ana mwili laini, na saponini humwua. Mti ambao katika Kiswahili huitwa mjunju, unaoota katika nchi kavu kama vile Turkana na Baringo, una saponini za ukoo wa steroidi kama mkonge. Mwaka 1933 daktari mmoja aliyefanya kazi Sudan, jina lake Archibald, aliandika jinsi matunda ya mti huo yanavyoweza kutumiwa kuua konokono wa kichocho. Tangu hapo wataalamu wameijaribu mimea mingi ya namna hiyo, na maji ya mkonge nayo yameonekana kuwa na nguvu hizo.

Walakini msomaji asikimbilie kumwaga maji ya mkonge katika mfereji wa kijiji. Kipimo kinachoua konokono chaweza kuua samaki pia. Kazi hii yataka vipimo, na yataka watu wa afya wawepo. Ulinzi ulio mikononi mwa kila mtu ni kutumia choo, kutokojoa wala kunya majini, kuepuka kuoga katika maji yenye konokono, na kumeza dawa ya kichocho inapogawiwa.

KONDOO NA MBIGILI

Wafugaji nao wana somo lao. Mbigili, ule mmea utambaao chini wenye miiba inayochoma miguu, una saponini za steroidi. Mara nyingi mifugo huula bila ya kudhurika. Lakini katika nyakati fulani, hasa unapochipua na kunyauka kwa jua, kondoo wakiula kwa wingi hupatwa na ugonjwa wa ajabu. Masikio na uso huvimba, macho huwa ya manjano, na ngozi isiyo na manyoya mengi huungua juani mpaka ikatoka vidonda. Katika nyanda kavu za Afrika ya Kusini wafugaji wameujua ugonjwa huu kwa muda mrefu.

Sababu yake ni hii. Saponini ikiisha kubadilishwa ndani ya tumbo na ini la kondoo, huganda kama punje ndogo za chokaa katika vijia vya nyongo, ikaviziba. Basi kitu kimoja kitokanacho na rangi ya kijani ya majani, ambacho kwa kawaida hutoka mwilini pamoja na nyongo, hukosa njia, kikarudi katika damu na kufika katika ngozi. Kitu hicho kikipigwa na jua huichoma ngozi kwa ndani. Mfugaji akiona dalili hizi, awaondoe kondoo mara moja katika malisho yale, awaweke kivulini, awape maji na majani mengine, kisha amwite bwana mifugo.

JINSI DAWA ILIVYOPATIKANA

Sasa na tuugeuze upande wa pili wa jani.

Juu ya mafigo ya kila mtu mna tezi mbili ndogo. Tezi hizi hutoa homoni zenye kile kiunzi cha pete nne. Mwezi wa Septemba mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 29 alikuwa hajiwezi kwa ugonjwa wa baridi yabisi uliomvimbisha viungo. Daktari Philip Hench na wenzake walimdunga sindano ya homoni mojawapo ya tezi hizo, ambayo baadaye iliitwa kotisoni. Baada ya siku chache tu akatembea. Mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, alipewa Tuzo ya Nobel.

Habari zikaenea duniani, lakini dawa ilikuwa haba mno. Ilitengenezwa kutoka katika nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini, na mwanzoni gramu moja iliuzwa dola 200. Wagonjwa walikuwa maelfu, na dawa ilitosha watu wachache.

Wataalamu wakatafuta mmea wenye kiunzi kile tayari, ili wasianze kujenga nyumba kutoka msingini. Mmarekani Russell Marker alikuwa amekwisha kuonyesha, katika miaka ya 1940, kwamba viazi vikuu vya mwituni vya Mexico vina saponini inayoweza kugeuzwa kuwa homoni. Kutoka katika kazi hiyo zilitokea dawa nyingi, na miongoni mwake ni vidonge vya kupanga uzazi. Mwaka 1951 wataalamu watatu wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walitangaza kwamba maji ya mkonge, yale yale yaliyokuwa yakimwagwa, yaweza kutoa kitu kiitwacho hekojenini kwa wingi wa kutosha.

Hekojenini ni saponini ya mkonge iliyovuliwa sukari yake. Thamani yake ni kwamba katika pete yake ya tatu mna alama ya oksijeni iliyo karibu sana na mahali inapotakiwa katika kotisoni. Wastadi waliihamisha alama hiyo hatua moja tu, wakawa wamepita sehemu iliyo ngumu kuliko zote katika safari.

Kazi yenyewe ilianzia shambani. Maji yaliyotoka katika kinu yaliachwa yachache kwa siku kadhaa mpaka sukari ikaanza kuachana na kiunzi na tope likatua chini. Tope hilo lilipikwa pamoja na asidi kali ili sukari iliyobaki ing'oke, likaoshwa na kukaushwa. Hekojenini ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa Uingereza, na huko kampuni ya Glaxo iliitumia kutengenezea kotisoni na baadaye ndugu zake wenye nguvu zaidi, kama vile betamethasoni. Siku hizi viwanda vingi hutumia mafuta ya soya na mimea mingine kwa kazi hiyo, lakini kiunzi ni kile kile.

Dawa za ukoo huu zingali zinaokoa watu. Hutuliza pumu kali na magonjwa ya ngozi na viungo. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa COVID-19, majaribio makubwa yaliyofanywa Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni, ambayo ni ndugu ya kotisoni na tena ni ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa kiasi cha thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakipumulia mashine.

ONYO KWA KILA MSOMAJI

Mtu aweza kusema, "Ikiwa kotisoni imetoka katika mkonge, basi na ninywe maji ya mkonge, viungo vyangu vipone." Hapo ndipo penye kosa. Katika maji ya mkonge hamna kotisoni hata tone moja. Mna kiunzi tu, nacho kimefungwa pamoja na sukari katika hali ya sumu. Kutoka hapo mpaka dawa ziko hatua nyingi za ustadi ambazo tumbo la mtu haliwezi kuzifanya. Mti si meza mpaka seremala aushike. Anayeuza maji hayo katika chupa na kuyaita dawa ya baridi yabisi auza kuhara na kutapika.

Onyo la pili ni kwa watu wa mijini. Krimu nyingine zinazouzwa ili kung'arisha ngozi zimetiwa steroidi kali kama betamethasoni. Dawa hiyo ni njema daktari akiiamuru kwa ugonjwa fulani na kwa muda fulani. Ikipakwa kila siku kwa ajili ya urembo, ngozi huwa nyembamba, hutoka chunusi na michirizi, na vidonda huwa vigumu kupona.

Onyo la tatu ni kwa wagonjwa waliopewa vidonge vya ukoo huu hospitalini. Vikitumiwa kwa muda mrefu vyaweza kudhoofisha mifupa, kuongeza sukari katika damu, na kupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Hata hivyo, mgonjwa aliyevitumia kwa muda mrefu asiache ghafula kwa shauri lake mwenyewe. Tezi zake zimelala kwa kuwa zilikuwa zikifanyiwa kazi na dawa, nazo zataka muda wa kuamka. Daktari ndiye atakayepunguza kidogo kidogo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Saponini ya mkonge ina mikono miwili: mmoja hushika maji, wa pili hushika mafuta. Ndiyo sababu hutoa povu.

2. Hushika kolesteroli katika utando wa seli na kuutoboa. Ndiyo sababu hupasua chembe za damu, na huua samaki na konokono.

3. Kiunzi chake ni cha namna moja na kiunzi cha homoni zetu. Ndiyo sababu wastadi waliweza kukigeuza kuwa dawa.

4. Maji ya mkonge yasinywewe, yasimwagwe mtoni, wala yasiuzwe kama dawa.

MASWALI

1. Kwa nini maji yenye damu huwa meangavu yakitiwa saponini?

2. Kwa nini samaki hudhurika upesi kuliko mtu anayeosha nyuzi katika maji hayo hayo?

3. Kondoo aliyekula mbigili huungua juani kwa sababu gani?

4. Jirani yako akikwambia kwamba amenunua chupa ya maji ya mkonge ili atibu magoti yake, utamweleza nini?

Swali la nne ndilo kubwa kuliko mengine. Msomaji anayeweza kulijibu kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya jirani yake, amelifahamu somo hili.